Kikombe cha Choya

Kabla sijaandika lolote kuhusu mdogo wangu, niseme kwanza kwamba katika jambo hili alikuwa na haki, au alikaribia sana kuwa nayo. Nimeliweka mwanzoni kwa makusudi. Najijua. Nikifika katikati ya ukurasa nitaanza kumpunja.

Naandika kwenye daftari la mistari, la nne tangu nianze tabia hii. Sina hakika kama mtu aliyeishia darasa la nne anaruhusiwa kuandika mambo ya kanisa. Lakini haya yalitokea jikoni kwangu, na waliokuwepo wengine hawaandiki.

Hilo darasa la nne lenyewe niliachishwa kwa sababu ya mdogo wangu. Mama baada ya kumzaa aliugua miezi mingi, na binti mkubwa nilikuwa mimi. Nikamfunga mgongoni nikawa naenda naye kila mahali, shambani, kisimani, kwenye kuanika kahawa. Hakuna aliyenionea. Baba hakuwa mkali, mama hakuwa na la kufanya, na mtoto mchanga hana kosa. Nimelipima jambo hilo mara nyingi na kila mara naishia hapo hapo. Hata hivyo, yeye alipomaliza la saba, akasifiwa na walimu kwa kusoma kwa sauti, kuna kitu kilinikaa kooni na hakijashuka. Yeye akisoma, kidole chake hakigusi karatasi. Mimi mpaka leo natembeza kidole chini ya mstari, na nikikohoa napotea.

Sasa nieleze kikombe.

Katika kanisa letu huku Mbozi, Meza ya Bwana huandaliwa mara chache kwa mwaka, na kinywaji chake kilikuwa choya. Ni yale maua mekundu mazito yanayokaushwa. Ukiyatia maji ya moto yanatoa rangi kama damu na ukali kidogo. Huku kwetu juu kuna baridi, choya haikubali vizuri, kwa hiyo nilikuwa naagiza iliyokauka kutoka bondeni, upande wa Galula. Aliyenifundisha kuitengeneza ni mama mkwe wangu. Yeye ndiye alikuwa mtengenezaji wa kikombe, na miguu ilipomshinda alimwambia mchungaji mbele yangu, "Kuanzia sasa ni huyu." Basi. Hakuna aliyepiga kura.

Naomba msomaji anielewe hapa, maana ndipo yote yanapotokea. Mimi kwaya sikuimba, sauti yangu haiendi popote. Kusoma somo mbele ya watu nisingethubutu. Mume wangu ni mkulima wa kahawa, mtu mwema, si mzee wa kanisa. Kitu changu pale kilikuwa kimoja tu. Mchungaji anapoinua kikombe na kusema maneno yale mazito, watu wote wameinamisha vichwa, mimi peke yangu najua kwamba jana yake asubuhi kile kilikuwa kwenye sufuria yangu, nikakichuja mara mbili kwa kitambaa cheupe kisichofanya kazi nyingine yoyote. Nilikuwa naona haya kwa furaha niliyokuwa naipata. Lakini niliipata.

Mdogo wangu aliolewa Tunduma. Ilikuwa miaka ya tisini, mpaka umechangamka, watu wanavuka na kurudi kutwa nzima, na vitu tulivyovisahau miaka ya uhaba vimerudi madukani vikiwa na makaratasi yanayong'aa. Yeye aliuza vitenge. Huko huko akaokoka kwenye kikundi cha maombi cha wanawake, na alipokuja kututembelea alikuwa na Biblia yenye zipu, ndani imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu na bluu. Mchungaji akampa nafasi atoe ushuhuda. Alisimama kama dakika kumi. Kila alichosema alionyesha kimeandikwa wapi, sura na mstari, bila kubabaika, na watu wakawa wanafungua Biblia zao kumfuata. Mimi nilikuwa bado natafuta cha kwanza yeye akiwa amefika cha tano. Mwanamke aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Huyu ndiye mdogo wako? Mbona hamfanani?"

Jumapili hiyo ilikuwa na Meza. Kwetu tunatumia vile vikombe vidogo vya glasi kwenye sinia. Baada ya ibada nikaenda chumba cha nyuma kuviosha kama kawaida, na sinia la upande wa kina mama lilikuwa na kikombe kimoja kimejaa. Hakijaguswa. Nikahesabu tena waliokaa safu ile, mmoja mmoja, ingawa nilishajua.

Nilingoja mpaka tulipokuwa nyumbani tunamenya ndizi.

"Hukunywa," nikamwambia.

Akaweka kisu chini. "Dada, nilitaka kukueleza mwenyewe. Ile ni choya."

"Ndiyo ni choya. Ulitaka iwe nini?"

"Bwana Yesu alisema tunda la mzabibu. Imeandikwa. Hakusema tunda lolote jekundu."

"Wazee wetu wamekunywa hiyo miaka yote."

"Wazee wepi, dada? Tangu lini?"

Nikamjibu, "Tangu zamani." Huo ulikuwa uongo, na nauandika kuwa ni uongo. Mama mkwe aliniambia wazi kwamba zamani divai ilikuwa inaletwa kutoka misheni. Ikaja ile miaka ambayo hata sabuni ilikuwa ya foleni, divai ikakatika, na yeye akamwendea mchungaji wa wakati ule na kibuyu cha choya, akisema, "Hii nayo ni nyekundu." Ndiyo asili yake. Mapokeo ya wazee niliyokuwa nayapigania yalikuwa na umri mdogo kuliko yeye niliyekuwa nabishana naye. Mgongoni nilimbeba yeye kabla ya choya kuingia kanisani.

Hakuchoka. Ziara iliyofuata alikuja na chupa. Ndefu, shingo nyembamba, na kwenye karatasi yake picha ya zabibu zambarau zinadondosha umande. Chupa za kinywaji hicho zilikuwa zinauzwa ng'ambo ya mpaka. Akampelekea mchungaji, na mchungaji akaitisha kikao cha wazee na kina mama baada ya ibada.

Kile kikao kilikuwa na vicheko kuliko nilivyotaka. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi wote, alisema, "Mzabibu wenyewe nani hapa ameuona? Mimi nimeona mgomba, nimeona mbuni. Yesu angezaliwa Mbozi tungekunywa kahawa."

Mzee mmoja akamjibu, "Bibi, hakuzaliwa Mbozi. Ndiyo maana tuna kitabu."

"Basi na mkate tuagize Yerusalemu! Mbona ule tunaoumega unatoka Vwawa?"

Watu wakacheka, mdogo wangu naye akacheka, halafu akasimama. Aliongea taratibu sana. Alisema hadharau mama zetu. Alisema wakati wa shida Mungu anapokea kilichopo, ila sasa kilichoandikwa kinapatikana, na mtu akiwa na kilichoandikwa mkononi kisha akachagua alichozoea, huyo anamwabudu nani? Niliona vichwa vinatikisika kukubali. Changu nacho ningekitikisa, kama angekuwa anasema mtu mwingine.

Mchungaji akanigeukia. "Mama, wewe ndiye mwenye kazi. Unasemaje?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Yaliyonitoka ni haya: "Choya haijawahi kumdhuru mtu." Kisha nikakaa.

Wakaamua Pasaka watumie chupa, waone. Mimi nikaambiwa nitaendelea na kuosha vikombe. Nadhani hakuna aliyekusudia kunichoma. Jioni niliandika daftarini mstari mmoja: Nimebakiziwa kuosha.

Pasaka ile sikusali, nilikaa nikitazama midomo ya watu. Kile kinywaji kilikuwa kitamu, nami niseme hivyo, kitamu kuliko changu. Mzee mmoja alilamba mdomo kama mtoto. Baada ya ibada kina mama walimzunguka mdogo wangu mlangoni wakimshika mikono, wakimuuliza habari za maandiko haya na yale, na yule mwanamke aliyeniambia hatufanani alipita mbele yangu bila kuniona. Mdogo wangu ndiye aliyetoka kwenye kundi akaja chumba cha nyuma, akashika kitambaa, akanisaidia kukausha vikombe. Nikamwambia, "Acha, utalowanisha nguo yako nzuri." Yeye alidhani namhurumia.

Chupa tupu moja niliificha kwenye kikapu.

Sijui nilikuwa natafuta nini. Niliiweka juu ya meza nyumbani nikapitisha kidole kwenye yale maandishi madogo chini ya picha. Kiingereza chote. Zile kubwa niliweza kutaja herufi, lakini herufi bila neno ni kelele tu. Nikakaa nayo kama wiki tatu. Mume wangu akauliza, "Hiyo chupa ya nini?" Nikasema ya mafuta ya taa.

Mwishowe nikasafiri kwenda Tunduma, nikasema nakwenda kumsalimia mdogo wangu. Sikwenda kwake moja kwa moja. Nilikwenda kule karibu na mpaka ambako wanawake wa Zambia walikuwa wanatandika dagaa zao chini, nikamchagua mmoja mwenye miwani.

"Mulishani, mukwai," nikamsalimu. Bemba yangu inaishia hapo.

Akaitikia, akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Unataka kisado kimoja, viwili?"

"Nisomee hii kwanza, halafu nitanunua."

Akaigeuza chupa, akaisogeza karibu na miwani, akasoma, akaanza kucheka. "Mayo, mama yangu, ulidhani hii ni zabibu?"

"Si kuna picha?"

"Picha ni picha. Hapa imeandikwa maji, sukari, rangi, na dawa ya kuleta harufu ya zabibu. Zabibu yenyewe hakuna. Hata moja haijapita hapa."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nilinunua dagaa visado viwili na sikupunguziwa bei wala sikuomba. Nilitembea kwenda kwa mdogo wangu nikiwa mwepesi. Furaha niliyokuwa nayo sikuwa nayo hata siku ya arusi yangu. Nimeona niiandike hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa.

Nyumbani kwake kulikuwa na kikundi chake cha maombi, wanawake kama wanane, wamekaa kwenye mikeka sebuleni, yeye katikati amefungua Biblia mapajani. Aliponiona akainuka, uso wote umewaka. "Dada yangu huyu! Huyu ndiye aliyenilea, alinibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea." Wakanipisha mahali.

Ningeweza kungoja. Walikuwa wanakaribia kumaliza, nilimwona mmoja anatafuta viatu. Ningeweza kula, kupumzika, nikamwambia jikoni tukiwa wawili, kama yeye alivyoniambia mimi. Sikungoja. Nilitoa chupa kwenye kikapu mbele ya wanawake wale nikasema, "Mdogo wangu, wewe uliyesoma, hebu tusomee kilichoandikwa hapa."

Aliichukua akitabasamu. Kiingereza cha darasa la saba kinamtosha mtu kujua maneno mawili matatu, na aliposoma polepole niliona midomo yake inarudia neno moja. Tabasamu likabaki usoni halina kazi. Akatazama picha, akatazama maandishi, akatazama picha tena.

"Nilitazama picha tu, dada," akasema. "Sikusoma."

Yeye. Aliyekuwa anatuambia kila siku tusome kilichoandikwa.

Mmoja wa wanawake wale, mnene, mwenye kitenge cha kijani, hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na aliona. Nilijua ameona furaha yangu. Nikaanza kuzungumzia dagaa.

Nilipokuwa narudi nilitunga hotuba nzima ya kuwaambia wazee wa kanisa. Sikuitoa, na si kwa sababu ya wema. Alinitangulia.

Jumapili iliyofuata alikuja Mbozi, akaomba nafasi, akasimama pale pale aliposimama mwanzo. Mkononi alikuwa na chupa. Akawaambia watu wote kwamba aliwaletea maji ya rangi akayaita tunda la mzabibu, kwamba alitazama picha bila kusoma, na kwamba anayewafundisha watu kusoma kisha hasomi anastahili kukaa nyuma. "Neno halijabadilika," akasema. "Limesema mzabibu, na siku tukiupata wa kweli nitawaomba tena. Lakini kama wote hatuna mzabibu, basi afadhali kikombe cha mtu asiyetudanganya. Dada yangu anajua kilichomo kwenye choya yake. Mimi sikujua kilichomo kwenye chupa yangu." Akaomba msamaha. Akapiga magoti.

Hakusema nani alimwonyesha. Hakusema ilikuwa mbele ya nani.

Kina mama walilia. Yule bibi wa kahawa aliinuka kwa fimbo yake akaenda kumkumbatia, akisema, "Mtoto ana moyo huyu, mtoto ana moyo." Mchungaji alifuta miwani. Siku ya ushuhuda wake wa kwanza walimpenda kwa kujua. Siku hii walimpenda zaidi, kwa kukosea. Na mimi nilirudishiwa kikombe changu mbele ya kanisa zima, watu wakapiga makofi kidogo, na sikujisikia nimerudishiwa kitu. Ilikuwa kama kupewa nguo ambayo mwenyewe ameivaa ikampendeza, akakwambia chukua.

Nimejiuliza sana kuhusu lile swali lake: mtu mwenye kilichoandikwa mkononi akachagua alichozoea anamwabudu nani. Mchungaji alihubiri baadaye kwamba maandiko na mapokeo ni kama ndugu, wagombane lakini wale sahani moja. Hotuba nzuri. Ila kwangu naona nilikuwa sipiganii mapokeo hata kidogo. Nilikuwa napigania sufuria. Sijui wengine wanaopigania mapokeo wanapigania nini, siwezi kuwasemea.

Kabla ya Meza iliyofuata alinijia na jambo ambalo sikulitarajia. Kikundi chao huko Tunduma nacho kilikuwa kinatumia ile chupa. Sasa hawana kitu.

"Nifundishe choya, dada," akasema. "Sitaki kununua tena kitu nisichokijua."

Nikasema sawa. Tukakaa jikoni kwangu. Nikamwonyesha kuchagua maua, kutoa vile vitumba vya mbegu vya katikati maana vinaleta utelezi, kuosha kwa maji baridi mara tatu, kitambaa cheupe, sukari kiasi gani. Alikuwa anaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko ule mzuri. Akauliza, "Halafu nachemsha?"

Mama mkwe alinifundisha kwamba choya haichemshwi. Unachemsha maji peke yake, unayatoa motoni yatulie, ndipo unayamwaga juu ya maua, unafunika, unaacha. Ukiyapika pamoja na maua rangi inakuwa ya udongo na ukali unapita kiasi. Hilo ndilo jambo lote. Mengine mtu yeyote anaweza kuotea.

"Unachemsha," nikasema.

Akaandika: chemsha.

Alijaribu siku hiyo hiyo, kwenye jiko langu, mimi nikiwa nachambua maharage mlangoni. Nilisikia sufuria inatokota. Nilinyamaza mpaka maharage yakaisha. Alipoipua na kuchuja ikatoka nzito, nyekundu ya kutu. Akaonja na kijiko, uso ukamkunjamana, akaanza kucheka.

"Dada, hii si yako. Hii inaweza kumrudisha mtu kwenye dhambi." Akaonja tena. "Nimekosea wapi? Nisomee hapa, nimeandika vibaya?" Akaninyooshea karatasi.

Aliniletea mimi karatasi nimsomee. Nikaishika. Nikapitisha kidole chini ya mstari mmoja, wa pili, mpaka nilipofika neno lile, kidole kikasimama. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa anatazama kidole.

"Hukukosea," nikamwambia. "Mimi nilikudanganya hapa."

Nje kuku walikuwa wanapekua maganda ya maharage. Nilingoja aseme andiko, analo la kila jambo, na ningelipokea. Akasema tu, "Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu hiki tu ndicho nilichokuwa nacho wewe huna."

Akakaa chini kwenye kigoda. Macho yalimjaa machozi lakini hakulia, naye si mtu wa kujizuia. Halafu akachukua kalamu, akakata lile neno, akanitazama, akangoja. Nikamwambia yote: maji peke yake, yatulie mpaka uweze kuhesabu vipovu vya mwisho, mwaga, funika, usichungulie. Akaandika kila kitu, akanisomea nihakikishe.

Tukaanza upya na maua mengine. Safari hii sikuondoka kwenye mafiga. Alipomwaga maji mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu, alifunika kwa sahani, akakaa bila kugusa, wakati mimi hata baada ya miaka yote huwa nachungulia. Saa ilipofika tukachuja, mimi nimeshika ncha mbili za kitambaa, yeye mbili. Ikashuka bakulini nyekundu, safi, unaona mpaka chini.

Nikaonja. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikamwambia hivyo.